TV za chogo 1,003

Ndugu mwenyekiti, wasanii wenzangu, wakutubi, na nyinyi mafundi mliofunga vibanda mchana huu mkaja kukaa nasi: wakubwa shikamooni, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuhifadhi sanaa inayoishi ndani ya mashine. Nina maana ya video, sauti, kompyuta, tovuti, kazi yoyote ambayo ukichomoa waya ukutani haipo tena. Mada ni pana na muda wenyewe ndio huu mnaouona, kwa hiyo nitasimama kwa kirefu kwenye kazi moja, nyingine niziguse kwa kupita.

Kazi hiyo iko Korea Kusini, katika mji wa Gwacheon ulio jirani na Seoul, ndani ya makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa. Inaitwa Dadaikseon, maana yake kadiri vinavyozidi wingi ndivyo vinavyozidi uzuri. Aliyeibuni ni Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul, mmoja wa watu wa kwanza duniani kuichukua TV na kuigeuza malighafi ya sanaa. Ni mnara wa TV 1,003, zote za chogo, umepanda mita 18.5 katikati ya ukumbi, duara juu ya duara. Chini TV ni kubwa, juu kabisa ni vidogo vya inchi 6. Idadi hiyo ina sababu yake. Tarehe 3 mwezi wa 10 ndiyo siku Wakorea wanayoadhimisha kuasisiwa kwa taifa lao, na mwaka wa kuzinduliwa mnara, 1988, ndio mwaka wa Olimpiki ya Seoul. Ilikuwa sherehe ya nchi iliyotaka dunia iione kuwa nayo imefika.

Naona mafundi wameshaanza kutikisa vichwa. TV elfu moja na tatu, zimebanana, zinawaka kutwa nzima mwaka hadi mwaka, mnajua kinachofuata.

Kwa ajili ya vijana waliozaliwa wakakuta flati, nieleze kidogo. Ndani ya kile chogo kuna bomba la kioo lililonyonywa hewa yote. Nyuma kabisa kuna kijiti kinachopashwa moto hadi kiteme elektroni. Umeme mkali wa volti elfu ishirini na zaidi huzivuta elektroni hizo mbele kwa kasi, zikagonge unga wa fosfori uliopakwa ndani ya kioo, na pale zinapogonga panang'aa. Kinachochora picha ni sumaku za umeme zilizovishwa shingoni mwa bomba, zinazouyumbisha ule mwale kushoto na kulia, mstari baada ya mstari, haraka kiasi kwamba jicho linadanganyika. Sasa, kile kijiti huchoka. Kila saa TV inapowaka, uwezo wake wa kutema elektroni unapungua, na picha inafifia hadi mafundi wanasema kioo kimekwisha. Kapasita, vile vidude vinavyotunza umeme, nazo hukauka, flaibeki, ile transfoma inayozalisha umeme mkali, inaungua, vumbi linavutwa na ule umeme mkali na kujaa ndani. TV moja ikiharibika sebuleni mnaibadilisha. Hizi ni 1,003, ndani ya jengo la umma, kila moja ikimpasha moto jirani yake.

Mwaka 2003 makumbusho yalibadilisha TV zote, wakati Paik mwenyewe yuko hai. Alifariki mwaka 2006. Naomba hilo mliweke akilini, maana nitalirudia. Zile mpya nazo zikachoka. Februari 2018, baada ya ukaguzi wa usalama wa umeme kuonyesha kuwa kuendelea kuziwasha ni hatari, mnara ukazimwa.

Ndipo mjadala ukaanza, na mjadala huo ndio ulionileta mbele yenu leo. Unafanya nini na mnara uliozimika? Unaweza kuuacha ulivyo, watu wautazame kama tunavyotazama magofu ya Kilwa Kisiwani. Unaweza kung'oa chogo zote ukapachika flati, picha zikawa angavu kuliko zilivyokuwa siku ya kuzinduliwa. Unaweza kuuvunja na kubakiza picha na video zake. Au unaweza kuhangaika duniani kote kutafuta TV na vipuri vya aina ambayo viwanda vikubwa viliacha kuitengeneza.

Mwaka 2019 makumbusho yalitangaza kuwa yangehangaika. Waliamua kushikilia chogo hadi pale itakaposhindikana kabisa. TV 737 zilitengenezwa au kubadilishwa kwa nyingine zilizotumika za aina ile ile. Vile vidogo vya juu, 266, havikupatikana popote, kwa hiyo vikawekewa vioo vya flati, ila umbo la nje likabaki kama lilivyokuwa. Video nane zinazochezwa kwenye mnara zikahamishiwa kwenye mfumo wa dijitali, na vifaa vya kupooza joto vikaboreshwa. Wakaujaribu kwa miezi kadhaa, na Septemba 15, 2022, miaka 34 kamili tangu ulipozinduliwa, mnara ukawaka tena. Ila sasa unawaka saa mbili kwa siku, siku nne kwa wiki.

Hizo saa mbili ndizo zinazonivutia kuliko yote. Wengi hudhani kazi ikishakarabatiwa imepona, mambo yamekwisha. Wale wahifadhi walikiri hadharani kwamba hawajaponya kitu. Wamenunua muda, na muda huo wanautumia kwa kubana, maana kila saa ya kuwaka ni saa iliyotoka kwenye maisha ya kioo. Anayefunga safari kuja kuuona siku ya Jumatatu ataukuta kimya. Kuna watakaosema hiyo si kuhifadhi, ni kuficha. Mimi naona ni bei halali, na ni afadhali kuliko kuuwasha kutwa na kuumaliza baada ya miaka michache.

Wako pia wanaosema zile flati 266 zimeharibu kazi, umekuwa mnara chotara, nusu huku nusu kule. Hapa ndipo narudi kwenye ule mwaka 2003. Kufikia 2018 TV za 1988 hazikuwa zinawaka tena mnarani. Zilishaondolewa zote, na msanii alikuwa hai. Kwa hiyo anayedai "tubaki na zile za asili" ajiulize asili ipi. Kilichokuwa kikihifadhiwa ni aina ya mwanga, ule uvimbe wa kioo, ile mistari inayopepea, na wingi wenyewe wa vitu 1,003. Chapa na namba ya kiwandani vilishaondoka zamani. Juu kule, mita kumi na kitu kutoka sakafuni, jicho la binadamu halitofautishi sana kioo kilichovimba na kilichonyooka. Kule chini, unapoweza kusogea hadi pua ikakaribia kugusa, linatofautisha. Walikoweka flati na walikoacha chogo kunaeleweka kabisa.

Sasa msije mkaondoka hapa mnasema basi flati ruksa. Huyo huyo Paik ana kazi nyingine ya mwaka 1965, iko makumbusho ya Whitney, New York. Ni TV moja ya picha nyeusi na nyeupe, juu yake imekalishwa sumaku nzito ya viwandani. Basi, hakuna zaidi. Ile sumaku inauvuta ule mwale wa elektroni niliousema, na picha inajipinda, inajisokota kuwa mawimbi ya mwanga. Ukiisogeza sumaku na mawimbi nayo yanahama. Baadhi yenu humu mlichapwa utotoni kwa kuweka spika ya redio karibu na TV ya rangi, kona moja ya kioo ikageuka kijani na zambarau na kugoma kurudi. Ndiyo kanuni hiyo hiyo. Kalisha sumaku ile juu ya flati uone kama kutatokea chochote. Flati haina mwale wa kuvutwa, kila nukta inawaka mahali pake na sumaku haina la kuifanya. Ukibadilisha TV kwenye kazi hii hubakiwi na kazi yenye kasoro, unabakiwa na sumaku juu ya TV.

Halafu chukua nyingine yake ya 1974: sanamu ya Buddha imeketi mbele ya TV, kamera inaipiga picha, na sanamu inajitazama yenyewe kwenye kioo, wakati huo huo, bila mwisho. Kiini cha kazi hiyo ni ule mzunguko wa kamera na kioo na macho ya sanamu. Hapo unaweza kubadilisha TV na bado ukaulinda mzunguko, ingawa mimi binafsi ningeilia chogo.

Msanii ni mmoja na chombo ni kile kile, majibu yanatofautiana. Ndiyo maana sheria ya jumla haisaidii, ya kwamba daima tutunze mashine au daima tuhamishe. Kila kazi lazima iulizwe swali lake: ndani yako, kipi kikibadilika utakuwa bado wewe, na kipi kikiguswa umekufa? Na wa kulijibu kwanza ni aliyeitengeneza, angali hai na akili timamu. Makumbusho ya Guggenheim ya New York yalilifanya jambo hili kuwa utaratibu mwishoni mwa miaka ya 1990, kupitia mradi ulioongozwa na Jon Ippolito. Walitengeneza dodoso la kumhoji msanii juu ya kila kazi. Anaulizwa kama vifaa vitunzwe stoo na vipuri vyake, au kazi ihamishiwe kwenye vifaa vipya, au kompyuta mpya iigize tabia za ile ya zamani, au siku moja mtu mwingine aifasiri upya kabisa kama wanamuziki wanavyopiga upya utungo wa marehemu. Wengine hukataa lolote lisiguswe. Wengine hucheka na kusema badilisheni kila kitu, ila ile kelele ya mota msiiondoe. Bila kuuliza, nani angekisia kelele ya mota?

Kuna jambo ambalo dodoso haliwezi kulibeba, nalo ni mikono. Paik alikuwa na mawazo, lakini aliyeufunga ule mnara wa Gwacheon na kuhakikisha unawaka ni fundi, Lee Jung-sung, mtu aliyetokea kwenye soko la vifaa vya umeme la Seun katikati ya Seoul. Alifanya kazi na Paik tangu hapo hadi msanii anafariki. Huko New York makumbusho mengi yenye kazi za video yamekuwa yakikimbilia kwa Chi-Tien Lui, fundi mwenye duka lake mtaa wa Tribeca, ambaye naye alimfahamu Paik na anajua kufufua vioo ambavyo wengine wameshavitupa. Hawa hawaitwi wahifadhi wala hawakusomea historia ya sanaa, lakini bila wao makumbusho yana maboksi tu. Wakutubi, nawasihi: mnapoandika bajeti ya mafunzo, wekeni na posho ya fundi mzee wa kumfundisha kijana kupima kioo na kubadilisha flaibeki bila kupigwa na ule umeme uliobaki ndani baada ya kuzima. Kapasita unaweza kuagiza ng'ambo. Mkono uliozoea hauagizwi.

Tuhamie kwenye kompyuta, na huku nitakwenda mbio kidogo.

Mwaka 1985 kampuni ya Commodore ilimpa Andy Warhol, msanii mashuhuri wa Marekani, kompyuta yake mpya, Amiga, acheze nayo kwenye uzinduzi, na pale jukwaani akachora sura ya mwimbaji Debbie Harry. Warhol akafariki mwaka 1987. Disketi zake zikaenda kukaa kwenye makumbusho yenye jina lake, Pittsburgh. Zilitunzwa vizuri sana, pakavu, kwenye kumbukumbu rasmi, na hakuna aliyejua ndani yake kuna nini. Hadi msanii Cory Arcangel alipoona mkanda wa ule uzinduzi na kuuliza: zile picha ziko wapi? Wanafunzi wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakanakili disketi kwa kifaa maalumu kinachosoma sumaku yenyewe bila kujali imeandikwa kwa mfumo gani. Wakakuta mafaili yenye majina kama campbells.pic, na hakuna programu ya leo iliyoweza kuyafungua, kwa sababu fomati ilikuwa ya programu ambayo hata haijatoka sokoni wakati huo. Ikabidi waichambue fomati hiyo kipande kwa kipande. Mwaka 2014 wakatangaza picha 28 ambazo dunia haikuwahi kuziona, 11 kati yake zikiwa na saini yake. Kwa hiyo disketi kuwa salama kabatini haitoshi. Kitu kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kisisomeke.

Kwenye intaneti hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huko hata kabati hakuna. Mwaka 1994 msanii Douglas Davis alianzisha sentensi moja mtandaoni ambayo yeyote duniani aliweza kuiongezea maneno, kwa sharti moja tu, usiweke nukta. Whitney wakaipokea kwenye mkusanyiko wao. Baada ya miaka haikufanya kazi tena: viungo vilikuwa vimekufa, na maneno ya Kikorea yaliyoandikwa na wachangiaji yaligeuka takataka za alama. Mwaka 2013 wakaja na suluhisho ninalolipenda kwa ujeuri wake. Waliweka mbili. Moja imeachwa na majeraha yake yote kama ilivyokutwa, nyingine imetengenezwa na imefunguliwa watu waendelee kuandika. Tuko tayari sana kuchagua moja, kumbe wakati mwingine si lazima.

Programu ya Flash nadhani mnaikumbuka, hasa mliokuwa mnacheza gemu kwenye intaneti kafee. Wenye nayo, Adobe, waliisitisha Desemba 31, 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 ikagoma kucheza chochote. Kazi za wasanii za miaka ishirini zilikuwa ndani ya Flash. Nyingi ziliokolewa na watu wa kujitolea waliotengeneza programu ya kuiigiza, iitwayo Ruffle. Sina haja ya kuongeza neno.

Sasa kwetu. Sitaki kujifanya tuna mnara wa Paik pale Posta. Lakini Dar es Salaam ilipozima matangazo ya analojia, Desemba 31, 2012, tukakimbilia ving'amuzi, zile chogo zilianza safari ya kwenda jalalani, na pamoja nazo deki. Deki ndiyo inayoniuma. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kubwa kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Na ndani ya kanda za VHS kuna sanaa yetu ambayo hata hatujaizoea kuiita sanaa.

Nazungumzia watafsiri wa filamu. Mnamkumbuka marehemu Lufufu. Filamu inatoka Hong Kong au India, yeye anakaa na mikrofoni na kuisimulia upya kwa Kiswahili juu ya sauti yake yenyewe, anawapa wahusika tabia, anaeleza, anatania. Kanda zinanakiliwa na kusambaa vibandani. Filamu yenyewe huenda ipo salama huko ilikotengenezwa, kwa ubora ambao kanda yetu haitaufikia kamwe. Kisichopatikana kwingine ni ile sauti. Kwa hiyo tukiuliza lile swali letu, jibu linakuja wazi: picha iliyofifia tunaweza kuivumilia, sauti hatuwezi kuipoteza hata sekunde moja. Najua kuna suala la hakimiliki, na najua hakuna taasisi itakayokimbilia kupokea kanda zenye filamu za watu. Naiona hofu hiyo na bado nasema nakili kwanza, wanasheria waje baadaye wakute kitu cha kubishania.

Na hapa pwani unyevu hautusubiri. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi, na gundi hiyo hunywa maji ya hewani. Kanda fulani za magurudumu makubwa, zile za reel, za miaka ya 1970 na 1980 zinafika mahali zinanata, zinapiga kelele zikipita kwenye mashine, na unga unabanduka pamoja na sauti iliyoandikwa juu yake. Wataalamu huzioka kwa joto la kama nyuzi 50 kwa saa nyingi, zinatulia kwa muda, wanazinakili haraka. Wataalamu, nimesema. Sitaki kusikia kuna mtu ameingiza kanda ya baba yake kwenye oveni ya keki.

Mkishanakili, msilale. Nakala ziwe tatu, moja iwe mji mwingine, na kila faili lipigiwe ile hesabu ya utambulisho ambayo kompyuta huirudia kila baada ya muda kuona kama kuna hata herufi moja imebadilika. Fomati iwe ya wazi, isiyomilikiwa na kampuni moja inayoweza kuamka siku moja ikaifunga. Hata zile kanda za kisasa za LTO, kanda za sumaku za kutunzia mafaili ya kompyuta, ambazo hifadhi kubwa duniani zinazitegemea zina ukoo wake: mashine ya kizazi cha nane inasoma kanda za kizazi cha saba, za sita haisomi tena. Anayenunua leo apange na siku ya kuhama.

Wasanii vijana, nanyi nina ombi. Mkiuza kazi au kuitoa kwa taasisi, msikabidhi flashi peke yake. Andikeni ukurasa mmoja: ilitengenezwa kwa programu gani na toleo gani, ionyeshwe gizani au penye mwanga, sauti iwe juu kiasi gani, kioo kiwe na ukubwa gani, nini mnaruhusu kibadilishwe mkiwa hampo, na nywila anayo nani. Hilo la nywila msilicheke. Nimeona kazi nzuri imefungwa ndani ya akaunti ya marehemu na familia haina pa kuanzia.

Nimeambiwa baadhi yenu mmekuja na kanda kwenye mifuko. Meza iko pale nyuma, karibu na mlango, na mafundi wawili watakuwepo hadi saa kumi na moja. Mkiona unga mweupe au wa kijivu pembeni mwa utepe, huo ni ukungu. Msiuingize kwenye deki yoyote, maana utabaki kwenye kichwa cha deki na kuhamia kanda inayofuata. Acheni ndani ya mfuko, mfuko ufungwe, mwandike jina juu, tutaanza na hizo.

Ahsanteni sana.